Kwa nini yaya wa televisheni ndiye pekee mwenye kabila?

Msomaji mpenzi, kabla hujamaliza chai yako ya Jumapili nina swali moja. Kumbuka kipindi chochote cha vichekesho cha hapa Kenya chenye nyumba kubwa, viti vya starehe na gari mlangoni. Je, mwenye nyumba ile ni wa kabila gani? Bila shaka utakuna kichwa. Haya, na yule yaya anayetoka jikoni akijipangusa mikono? Kabila lake utalitaja hata kabla sijamaliza kuuliza.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Katika michezo yetu mingi ya televisheni, tajiri hana kabila. Huzungumza Kiingereza cha shuleni au Kiswahili kisicho na doa, wala hakuna ajuaye alikozaliwa. Mtumishi naye hukabidhiwa kabila siku ile ile anapokabidhiwa ufagio. Akifungua kinywa tu, "sh" inageuka "s", "b" inageuka "p", "r" na "l" zinabadilishana nafasi, na watazamaji wanaangua kicheko kabla hajasema neno lolote la maana.

Chukua kipindi cha Papa Shirandula, kilichoonyeshwa na Citizen kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2020. Mhusika mkuu, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, ni bawabu mwenye lafudhi nzito ya Kiluhya. Katika kipindi hicho hicho Jacky Vike alivuma kwa jina la Awinja, mfanyakazi wa nyumbani mwenye lafudhi iyo hiyo. Mwaka wa 2014 NTV ikatuletea Auntie Boss, kipindi kilichobuniwa na Eve D'Souza kuhusu wafanyakazi wa nyumbani katika mtaa wa wenye nafasi. Humo tukampata Shiro, aliyeigizwa na Nyce Wanjeri, na Silprosa, aliyeigizwa na Sandra Dacha. Huhitaji kuambiwa nani ana asili ya Mlima Kenya na nani ana asili ya ziwani. Majina na ndimi zao zimekwisha kusema.

Nisieleweke vibaya. Wasanii hawa wana vipaji, na kazi yao imetufurahisha. Nyce Wanjeri alituzwa mwaka wa 2018 katika tuzo za Africa Magic Viewers' Choice kama mwigizaji bora wa kike wa vichekesho, na alistahili. Auntie Boss nayo ilifanya jambo ambalo vipindi vingi havikuthubutu: ilimtoa yaya pembeni mwa picha ikamweka katikati, ikampa marafiki, siri, mapenzi na maoni yake mwenyewe kuhusu bibi mwenye nyumba. Hayo si machache. Swali langu ni kwamba, kwa nini hata akiwekwa katikati, bado yeye na wenzake ndio wanaobeba makabila ya nchi nzima, huku mwajiri akiwa mweupe pee kama karatasi isiyoandikwa?

Labda utaniambia kwamba huo ndio uhalisia. Mfanyakazi aliyetoka mashambani juzi huzungumza hivyo, na mwigizaji anaiga tu alichokisikia. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Nusu ya pili inavunjika ukisikiliza redio wakati kikao cha Bunge kinapotangazwa. Humo mna mawaziri, mawakili na matajiri wa kila pembe, na kila mmoja ana ulimi wa kwao. Wapo maprofesa ambao "r" na "l" zimewashinda tangu shule ya msingi hadi uzeeni, na hakuna aliyewanyima shahada. Katika maisha ya kweli lafudhi inakaa ikulu na inakaa jikoni. Ni kwenye televisheni tu ambako ikifika sebuleni huyeyuka.

Tena lafudhi ya mwigizaji ni vazi. Wakongwe wa Vitimbi katika KBC walitufundisha hilo zamani. Mzee Ojwang Hatari, Mjaluo tuliyempenda sote, alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Mkewe, Mama Kayai, ni Mary Khavere, Mluhya. Vazi lile walilivaa kwa ustadi hata wengi wakaapa kwamba walizaliwa nalo. Lakini angalia tofauti. Katika Vitimbi, mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyekuwa na lafudhi. Alikuwa baba, mume, mtu wa kutoa amri na wa kukosea amri zake. Ilhali katika vipindi vingi vilivyofuata, vazi lilivuliwa baba mwenye nyumba likavishwa anayemfulia. Na vazi likivaliwa na tabaka moja tu, linakuwa sare.

Sare hiyo haikushonwa na televisheni. Ili tujue ilikotoka, twende katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, mahali kama Keringet.

Wengi wenu mlio mijini mnalijua jina la Keringet kutokana na maji ya chupa. Keringet yenyewe ni mji mdogo wa Kuresoi Kusini katika kaunti ya Nakuru, juu kwenye miinuko ya Mau, penye baridi, majani chai, viazi, maziwa na vijana wanaokimbia mbio barabarani alfajiri. Enzi za ukoloni, eneo hili lilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa walowezi, iliyoitwa Nyanda za Wazungu. Penye shamba la mlowezi palikuwa na nyumba yake, na penye nyumba palikuwa na mpishi, boi, yaya, mtunza bustani na toto wa jikoni. Mwanamume mwenye mke na watoto wanne aliitwa "boi" mpaka akazeeka.

Walowezi walikuwa na mazoea ya kugawa kazi kwa makabila, kama mtu anavyogawa vyombo kwenye kabati: kabila hili ni la kuaminiwa na funguo, hili ni la jikoni, hili ni la mifugo, hili ni la jembe. Serikali nayo ikatia muhuri. Kuanzia mwaka wa 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande, ambacho wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kiliandikwa jina lake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake. Mzungu hakubeba kipande. Kwa hivyo katika jumba lile la mlowezi, anayetandika kitanda alikuwa na kabila lililoandikwa, na anayekilalia hakuwa nalo.

Je, hiyo si ile picha ninayokueleza tangu mwanzo? Kipande kilitoka shingoni kitambo. Kwenye televisheni tumekirudisha, safari hii mdomoni.

Filamu kubwa zilizotengenezwa nchini mwetu zimeionyesha picha hiyo, kila moja kwa namna yake. Out of Africa ya mwaka wa 1985, iliyoongozwa na Sydney Pollack, ilizoa tuzo saba za Oscar. Inamhusu Karen Blixen, aliyeigizwa na Meryl Streep, na shamba lake la kahawa karibu na milima ya Ngong. Farah, msimamizi wa nyumba, ni Msomali. Kamante, mtoto mgonjwa anayetibiwa na baadaye akawa mpishi, ni Mkikuyu. Kila mmoja amekaa kwenye rafu yake. Na mwigizaji aliyempa Farah heshima yake yote, Malick Bowens, alitoka Mali, upande wa pili wa bara. Wenye filamu waliona kwamba panahitajika Msomali, lakini si lazima awe Msomali.

Katika filamu hiyo bibi anamvalisha mtumishi glavu nyeupe ili aandae meza, na baada ya muda mrefu anamvua mwenyewe kwa kuona kwamba wazo lile halikuwa zuri. Ni tendo la kugusa moyo. Lakini tunalolijua mwishoni ni jinsi bibi alivyobadilika. Yule mwenye mikono hatukuambiwa alionaje kuvishwa wala kuvuliwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1987, Harry Hook akatoa The Kitchen Toto. Hapa kamera imehamia jikoni. Mwangi, aliyeigizwa na Edwin Mahinda, ni mtoto wa Kikikuyu ambaye baba yake mhubiri anauawa, naye anachukuliwa kufanya kazi katika nyumba ya afisa wa polisi Mwingereza wakati wa vita vya Mau Mau. Huku anadaiwa utiifu na wanaomlisha, kule anadaiwa kiapo na watu wake. Kabila la Mwangi si kichekesho katika filamu ile. Ni mzigo unaoweza kumuua, na mtazamaji anaubeba pamoja naye. Hapo ndipo unapoona tofauti kati ya mtumishi aliyewekwa kwenye picha ili ipendeze na mtumishi ambaye picha ni yake.

Ugonjwa huu si wa Kenya pekee. Februari 1940, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutuzwa Oscar, kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani katika Gone with the Wind. Usiku ule wa kutuzwa alikalishwa meza ya kando, mbali na waigizaji wenzake weupe. Alipewa heshima kwa kuigiza mtumishi, na akakumbushwa papo hapo mahali pa mtumishi.

Lakini dawa nayo imepatikana kwa wengine. Mwaka wa 1966, Ousmane Sembène wa Senegal alitoa La Noire de…, kuhusu Diouana, msichana wa Dakar anayefuata waajiri wake Ufaransa akidhani ataendelea kulea watoto. Anafikia kupika, kufua na kufungiwa ndani, na mwisho wake ni wa huzuni kuu. Mbele ya waajiri Diouana husema maneno machache mno. Sembène akafanya jambo moja rahisi: akatusikilizisha mawazo yake. Na katika mawazo yale hakuna kigugumizi wala neno lililovunjika. Fikiria hilo, msomaji. Hakuna mtu duniani mwenye lafudhi ndani ya kichwa chake mwenyewe. Yaya wako anapowaza, huwaza kwa ufasaha kama wewe, pengine kukuzidi.

Mwaka wa 2018, Alfonso Cuarón wa Mexico alitoa Roma, kuhusu Cleo, mfanyakazi wa nyumbani wa jamii ya Wamixteki katika jiji la Mexico. Kwa waajiri Cleo huzungumza Kihispania, na akiwa na mfanyakazi mwenzake huzungumza Kimixteki, lugha ya kwao. Maneno yao yametafsiriwa chini ya picha, kwa hivyo tunasikia wasichana wawili wakitaniana na kusengenya kama wasichana wowote. Yalitza Aparicio, aliyemwigiza, alipendekezwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Kabila la Cleo liko wazi kabisa, wala hakuna anayelicheka.

Hivi majuzi nilikuwa Keringet, nikaingia katika hoteli moja ya chai siku ya soko. Televisheni ilikuwa juu ya rafu, na kipindi kimoja cha zamani cha vichekesho kilikuwa kikirudiwa. Yaya kwenye kioo aliangusha sahani zikavunjika, akaanza kujitetea kwa lafudhi yake, na hoteli nzima ikacheka. Karibu yangu alikaa mama mmoja mwenye kapu la mboga ambaye hakucheka. Nilipomuuliza kama kipindi hakimpendezi, akanijibu kwa upole: "Mwanangu, mimi nina binti Nakuru, kazi yake ni hiyo. Yule akivunja sahani watu wanacheka. Wangu akivunja anakatwa mshahara."

Nilikosa la kusema. Mabinti wengi wa miinuko ile, na wengi wa Kisii, Kakamega, Kitui na Siaya, hushuka kwenda mijini karo ikikosekana. Sheria inawatambua. Amri ya mishahara ya mwaka wa 2022 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani na yaya katika majiji makubwa kuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi, na mwaka wa 2024 kikaongezwa tena. Nawaachia wenye nyumba swali la nani hukilipa. Ninachojua ni kwamba ni rahisi zaidi kumpunja mtu ambaye umezoea kumcheka kila jioni saa mbili.

Tena katika Bonde la Ufa jambo hili lina uzito wa pekee. Molo, Kuresoi na viunga vyake vilishuhudia ghasia za kikabila mwaka wa 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu walifurushwa makwao, nyumba zikachomwa, wengine wakauawa, kwa sababu tu ya kabila lao. Mahali ambapo jina na ulimi wa mtu vimewahi kuwa hukumu, kabila halitaniwi ovyo. Sisemi kwamba vichekesho vilileta ghasia. La hasha! Mara nyingi kicheko kimetuunganisha kuliko mahubiri. Ninasema kwamba mtoto anayekua akijua kuwa kabila fulani ni la kuosha vyombo na jingine ni la kulinda lango, amekwisha kufundishwa kuwapanga Wakenya kwenye rafu, na atakapokua patatokea wa kumwonyesha rafu ya kuangusha.

Je, tufanyeje? Tufute lafudhi zote, kila mhusika azungumze kama mtangazaji wa habari? Hapana. Huko kutakuwa kuua ladha na kusema uongo wa aina nyingine. Mimi nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa waandishi wa michezo, hasa ninyi wanafunzi mnaoota kutengeneza filamu. Gawanyeni lafudhi kwa haki. Mpeni mkurugenzi wa kampuni ulimi wa kwao, na mpeni yaya aliyemaliza kidato cha nne Kiswahili chake safi alichopatia alama nzuri. Mpeni binti wa Keringet nafasi ya kuzungumza Kikipsigis na rafiki yake jikoni, kitafsiriwe chini ya picha, tuone ana akili na mzaha kiasi gani.

La pili ni kuuliza kila mara tunacheka nini. Papa Shirandula alidumu miaka 13, na siri yake haikuwa lafudhi. Bawabu yule alitoka nyumbani na suti, akabadilisha sare akifika kazini, kwa kuwa mkewe aliamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisi. Tulicheka, lakini tulikuwa tukijicheka sisi wenyewe, jamii inayomheshimu mtu kwa koti. Kicheko cha namna hiyo kinajenga. Kile kinachomalizika kwenye "s" na "sh" hakijengi kitu.

La tatu ni la sisi tulio nyumbani. Katika nyumba nyingi yaya hutazama televisheni akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, huku familia imekaa. Anamwona mwenzake akichekwa, naye anatabasamu, maana akinuna ataambiwa hana adabu. Watoto nao wanarudia maneno ya kwenye kioo wakimwelekezea yeye. Mzazi, hapo ndipo kazi yako ilipo. Usisubiri mwongozaji wa filamu. Mwite akae kitini. Muulize kwa sauti, watoto wakisikia, "Dada, kwenu mambo haya huwa hivi kweli?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Huenda ukagundua kwamba chini ya paa lako mna hadithi nzuri kuliko ile inayoonyeshwa.

Nakutakia Jumapili njema. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.